Koti la Shemeji: Kutoka Korogwe Hadi Mgwashi

Sikupanda milima ya Usambara kwa kupenda. Mtu mwenye akili zake haondoki Korogwe, kwenye joto la kueleweka, akaenda kukaa ndani ya ukungu na watu wanaolala na blanketi na kuamka nalo mabegani. Nilipanda kwa sababu shemeji yangu Salehe alikuwa amefariki, na dada yangu Hadija alikuwa mbioni kunyang'anywa shamba.

Habari aliniletea dereva wa lori la mboga. Mimi ni fundi cherehani, nimekaa barazani pa duka la Mhindi hapa Korogwe miaka mingi, na kila mwenye lori ananijua. Alisimamisha gari lake, hata injini hakuizima.

"Fundi, dada yako anasema upande kabla ya arobaini. Siku hiyo kaka wa marehemu atasimama mbele za watu aseme shamba la bondeni ni lake."

"Na yeye Hadija aende wapi?"

"Hilo hakuniambia. Nadhani na yeye halijui."

Ninyi wa nyumbani, wa kusini ya mto, mnadhani shamba ni shamba tu. Kwetu ardhi imelala chali, unachagua pa kulima. Kule imesimama wima. Msambaa analima mteremko ambao mbuzi angeufikiria mara mbili, mvua ikinyesha shamba lake linashuka mtoni, na mto unatuletea sisi. Ule wekundu mnaouona kila masika hapa darajani, mkalalamika kwamba maji hayafulii kanzu, ndio jasho la Wasambaa linapita. Penye maana kule ni bondeni tu, kando ya vijito, ambako maharage na mboga hukubali hata kiangazi. Mwenye kipande cha bondeni anakula mwaka mzima. Asiye nacho anakula akijaliwa.

Salehe aliporudi kutoka vita vya Bama, alikompigania Mwingereza, na mguu mmoja mbovu na koti zito la jeshi, alikuta bonde hilo ni kinamasi cha matete ambacho hakuna ndugu aliyekitaka. Yeye na Hadija walichimba mitaro wakayatoa maji. Wakapata shamba jeusi, wakapata na mabinti. Mtoto wa kiume hawakupata, na hilo ndilo kaka yake, Shekue, alilolikumbuka siku ile ile walipotoka makaburini.

Alfajiri nilipanda treni hadi Mombo. Mombo sina mengi ya kuisifia. Ni mji uliojibweteka chini ya mlima kama mtu aliyechoka kabla ya kuanza kupanda, una nzi, una maduka, una watu wanaokuuzia maji ya kunywa kwa sura ya kukusaidia. Nilivaa shati langu la mikono mifupi. Mchuuzi mmoja alinitazama akaniuliza ninakwenda wapi na shati hilo. Nikamwambia ninakwenda Lushoto. Akacheka, akamwita mwenzake aje kucheka naye.

Kutoka Mombo barabara inapanda ikijizungusha, na kila kona dereva anapiga honi kwa gari ambalo halipo. Wazee wanasema Mjerumani ndiye aliyeijenga. Nijuavyo mimi, Mjerumani alisimama pembeni na kofia yake, na waliochimba ni babu za hawa hawa ninaowacheka. Hilo hawalisemi kwa sauti, ingawa wangelisema ningewaheshimu kidogo. Chini kabisa mto unaruka kwenye majabali kwa kelele nyingi. Mzungu mmoja na mkewe walikuwa wamesimamisha motokaa yao wakiyapiga picha maji hayo. Maji yale yale yakifika kwenye tambarare hakuna anayeyapiga picha.

Soni ni soko. Kuna kabichi, karoti, viazi, na wanawake wenye sauti kali kuliko wa kwetu. Nilinunua ndizi nikala nimesimama, maana kila pa kukaa palikuwa pamelowa.

Adhuhuri nilikuwa Lushoto, na tayari natetemeka. Mji huo Mjerumani aliujenga apate mahali pa kujifanya yuko kwao, akaupa jina la mfalme wake. Mwingereza akaja, akalifuta jina, akabakiza viti. Sasa ni yeye anayekaa humo na bustani zake za maua, anakunywa chai mchana kweupe, na kwa vile ubaridi unamkumbusha mama yake, anaona nchi nzima ina afya. Kutoka kwenye viti hivyo hutoka amri za matuta. Mabwana shamba wanazunguka vijijini wakiwaamuru watu wachimbe matuta ya kuzuia udongo kwenye miteremko ile iliyosimama, kazi ya kuvunja migongo, na asiyechimba anashtakiwa. Udongo waufunge, mimi sikatai, kanzu zetu zitafulika. Lakini nimewaona wanaoamrisha: hakuna hata mmoja mwenye tope juu ya kifundo cha mguu.

Nilikwenda kwenye ofisi moja kumsemea dada yangu. Nilimkuta karani kijana, amevaa suti ambayo mabega yake yalishonewa mtu mwingine. Hakunipa shikamoo. Nilisubiri kidogo nikidhani inakuja, haikuja.

"Shida yako?"

"Mjane anataka kunyang'anywa shamba na kaka wa marehemu."

"Shamba la mzungu?"

"Lingekuwa la mzungu ningekuwa hapa?"

"Basi hayo ni mambo ya mila. Peleka kwenye baraza lenu, Bumbuli."

"Na mila ikisema mjane hana kitu?"

"Ndiyo mila," alisema, akavuta koti lake lililompwaya. "Funga mlango ukitoka, baridi inaingia."

Niliuacha wazi.

Jioni ile ile nilirudi Soni nikapata lori la kwenda Bumbuli. Njia hiyo inapita karibu na Vugha, ambako wafalme wao walikaa, na ninyi historia hiyo mnaijua: mwindaji wa nguruwe mwitu alipanda kutoka Ngulu na mbwa wake, akawagawia wenyeji nyama, nao wakashukuru kiasi cha kumpa utawala. Uzao wake ukawatoza kodi tangu hapo. Nilifika nikalala kwa Mzee Yohana, Mlutheri, mteja wangu wa zamani anayeshuka Korogwe kila mwaka nimshonee suruali ya Krismasi. Nyumba yake ina meza, ina Biblia, ina moto. Hicho cha mwisho ndicho nilichokikumbatia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, Mgosi," alisema, neno wanalomwitia kila mwanamume. "Umekuja na shati la Mombo?"

"Nimekuja kuwatazama watu wazima walionunuliwa kwa nyama ya nguruwe. Na leo nusu yenu mnajiita Waislamu!"

Mzee Yohana alicheka mpaka akashika meza. "Na huyo mwindaji alitoka upande wenu, Mzigua wewe. Mlimfukuza kwa kuogopa meno yake yaliyoota juu kwanza, mkasema ni mkosi. Sisi tulimpa kiti. Nani mjinga hapo?"

Kwa vijana wa siku hizi waliozaliwa kwenye kambi za mkonge na hawajui lolote, nieleze. Sisi Wazigua na Wasambaa ni watani tangu enzi. Mtani wangu namtukana mbele ya mkewe naye anacheka, na kesho ananirudishia. Kwenye msiba ndipo utani hasa unapofanya kazi yake. Mtani huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, watu wanalia na kucheka kwa pamoja, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika amevunja jambo kubwa, na hutozwa chochote mtani atakachotaja.

Tulipomaliza ndizi na maharage nilimwambia mwenyeji wangu nia yangu ya kwenda barazani. Akatikisa kichwa.

"Mzee wa baraza amemwoa dada yake Shekue. Utapewa kigoda, utapewa na uji. Shamba hutapewa."

"Basi nifanye nini?"

"Wewe si Mzigua?"

"Mimi ni Mzigua, ndiyo."

"Basi," alisema, akaanza kuomba sala ya kulala kabla sijamuuliza zaidi.

Asubuhi nilikwenda Mgwashi kwa miguu. Kijia kinapanda, kinashuka, kinapanda tena, bila sababu ninayoijua. Migomba, mibuni, matuta mapya ya serikali ambayo mvua ilikuwa imeshayapasua katikati, msikiti mdogo wa bati, kanisa dogo la bati, na wazee waliojifunika blanketi wakiniamkia "Onga mahundo" kwa huruma, kama wanamwamkia mgonjwa. Nilipofika ukingoni nikaliona bonde la Hadija chini yangu. Nitasema ukweli ingawa unaniuma: ni shamba zuri. Maharage yalikuwa yamefunga mistari iliyonyooka kama pindo la fundi mzuri, mitaro ikitembeza maji pande zote mbili, na kijito kikishuka zake kuelekea mto Luengera na baadaye kwetu. Ila kando ya kijito, kutoka mwisho hadi mwisho, mtu alikuwa amekwisha kupigilia vigingi vipya vya mpaka.

"Kaka, shikamoo," alisema Hadija. Alikuwa amekonda.

"Marahaba. Nani kapigilia vijiti hivi?"

"Shekue. Amepima mwenyewe, wiki iliyopita. Mimi nilikuwa humu humu napalilia. Ananipita na nyundo, ananiambia 'Pole na kazi, shemeji.'"

"Anasemaje?"

"Anasema niolewe naye nibaki, au nirudi Uzigua na mabinti. Kaka, matete haya niling'oa mimi. Mimba ya binti yangu Mwanaidi iko tumboni, nimesimama kwenye maji haya mpaka hapa." Alionyesha magotini. "Sitaki kuolewa naye. Na sitaki kuondoka."

Nilimkuta Shekue mchana. Mtu mpole sana. Watu wa aina yake huwa wapole. Kanzu yake ilikuwa fupi, imeishia juu ya ugoko, na pindo lake limeshonwa na adui.

"Karibu sana, shemeji. Sisi hatuna ugomvi. Ni mila tu."

"Sharia inawapa mabinti fungu lao na mjane lake. Ninyi si Waislamu?"

"Kwenye ndoa na mazishi tunafuata dini," alisema kwa upole ule ule. "Kwenye ardhi tunafuata mila."

Nikamwambia ana bahati, amepata dini yenye mlango wa mbele na wa nyuma. Akatabasamu. Hapo bado alikuwa na akili timamu.

Siku ya arobaini watu walijaa uani. Khitma ilisomwa, ubwabwa ukaliwa, na nakiri ubwabwa wa mlimani una samli ya kutosha. Mwalimu alipofunga dua, Shekue alikohoa, akajisimamisha, akaanza kusema kwamba kabla wageni hawajatawanyika kuna jambo dogo la ukoo.

Nilikuwa ndani. Koti la Salehe lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, zito, la rangi ya majivu, lile la jeshi. Bitana yake nilimtilia mimi mwenyewe, nyekundu, akalalamika kwamba ni ya harusi. Nililivaa, nikavaa na kofia yake, nikatoka uani nikiburuta mguu wa kushoto. Nikasimama mbele ya Shekue, nikakohoa kile kikohozi kikavu cha Salehe, nikasema kama alivyosema marehemu kila mara kabla ya jambo lolote, hata kabla ya kuomba chumvi:

"Sikia kwanza."

Wanawake walipiga yowe, kisha kicheko kikaanzia kwao kikasambaa ua mzima. Binti mkubwa wa marehemu, Mwanaidi, alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika, sijui kwa kucheka au kulia.

"Sikia kwanza, kaka," niliendelea. "Nimekufa juzi tu, na wewe umeshanipimia. Huko niliko matete ni mengi, njoo ung'oe. Au kung'oa hujui? Nilipokuwa kwenye matope wewe ulikuwa wapi? Ahaa. Ulikuwa juu pale, kwenye jua, unaota moto wa kuni zangu!"

Wazee walikuwa wanajipangusa machozi. Mzee mmoja alipiga goti lake akasema, "Ni yeye! Ni yeye mtupu!" Nikachechemea hadi kwa Hadija, nikamwuliza maharage yamefikia wapi, nikamkemea kwa kunipa uji wa baridi miaka yote ile. Yeye hakucheka wala hakulia. Alinitazama mguu.

Kisha nikamrudia Shekue, nikamvuta kanzu yake fupi. "Na hii kanzu, kaka, ulipungukiwa kitambaa? Au umeishona kwa vipimo vya shamba langu, kila siku unapunguza kidogo?"

Hapo akapandwa na hasira. Upole wote ukamtoka. Alinikamata ukosi kwa mikono miwili akanitikisa.

"Vua koti la ndugu yangu! Vua, mwanaharamu wa Kizigua!"

Ukosi nao niliushona upya mimi, haukuachia hata uzi mmoja. Lakini ua mzima ulikuwa kimya. Shekue naye akasikia ule ukimya, mikono yake ikabaki kwenye ukosi kama mtu aliyeshika kitu cha wizi.

Aliyesema ni shangazi yao, bibi mfupi aliyekuwa ameketi mlangoni na sahani ya ubwabwa mapajani. Hakuinuka.

"Shekue. Umemkasirikia mtani."

"Shangazi, huyu ananitukana kwenye—"

"Umemkamata mtani. Kwenye arobaini ya ndugu yako. Sote tumeona. Mtani, sema unachotaka."

Najua walitegemea mbuzi. Hata Shekue alishaanza kutazama zizini. Nilikohoa tena kikohozi cha Salehe.

"Nataka vijiti vyangu ving'olewe. Nataka yule aliyevipigilia avitoe kwa mkono wake, na aseme mbele za watu kwamba bonde ni la mke wangu na mabinti zangu."

"Shamba si kitu cha utani!" alisema Shekue.

"Si kitu cha utani," alikubali shangazi, akiguguna mfupa. "Ungecheka tu, mwanangu, ungekuwa nalo."

Yule mzee wa baraza, shemeji yake Shekue, alikuwepo. Watu wote walimtazama. Alitazama kofia yake, akaigeuza, akasema kwa sauti ndogo kwamba mtani akishakasirikiwa hakuna baraza la kuketi. Sikumsifu. Alisema hivyo kwa kuwa mia nzima ya macho ilikuwa juu yake, na macho yangekuwa kumi angesema mengine.

Tukashuka bondeni sote, mimi mbele nikichechemea. Shekue aling'oa vigingi vyake kimoja baada ya kingine na kuvitupa kijitoni, na kanzu yake fupi ikafika majini kwa mara ya kwanza. Alipofika mwisho alisema maneno niliyoyataka, upesi, akiwa ameyapa mgongo maharage. Shangazi akamwambia ayarudie akiwa ameyatazama. Akayarudia. Nilisimama pale nikiwa na furaha mbaya kabisa, furaha isiyofaa kwenye msiba, na sijaitubia mpaka leo.

Kesho yake asubuhi nikaaga. Kwa kawaida nguo alizozivaa mtani huwa ni zake, lakini nililivua koti nikalitundika kwenye msumari wake. Hadija alilitoa akanivisha tena, akafunga vifungo kimoja kimoja kutoka chini. Kisha akatia mkono kwenye mfuko wa kulia, bila kutafuta, kama mtu anayejua kilichomo. Akatoa konzi ya mbegu za maharage.

"Kila siku alikuwa nazo humu," alisema. "Hizi nabaki nazo. Koti nenda nalo."

"Hadija, Korogwe ni joto. Nitaonekana mwendawazimu."

"Jana ulipotoka mlangoni," alisema, "nilisahau kwamba amekufa. Kidogo tu. Likikaa hapo ukutani nitasahau tena kila siku, kaka, na kukumbuka tena. Nenda nalo."

Kwa hiyo nilishuka. Nilizipita kona zote zile, nikaupita mto ukipiga kelele zake kwa wapiga picha, nikafika Mombo jua la utosi. Yule mchuuzi aliyenicheka kwa shati sasa alinicheka kwa koti, akamwita tena mwenzake.

Mnaniuliza nimejifunza nini huko. Nimejifunza kwamba ofisi ya Lushoto haina mlango wa mtu mweusi, na baraza la Bumbuli lina mlango wa shemeji. Nimejifunza kwamba mtu mpole akikushika ukosi ndipo ameanza kusema kweli. Wasambaa bado nawadharau: wana baridi, wana ukungu, wanakula ndizi mchana na usiku, na waliuza nchi kwa nyama. Wao nao wananidharau, na tusipofanya hivyo sijui nani angemtetea Hadija.

Treni ilifika Korogwe watu wakijipepea kwa kofia zao. Mke wangu alinipokea stesheni, akanishika paji la uso akidhani nina homa.

"Vua hilo koti, baba, utakufa na joto!"

Nilimwambia ngoja kidogo. Nilikuwa bado nachechemea.